Barua ya wazi kwa mlioshika swichi ya intaneti

Waheshimiwa wabunge mnaotunga sheria za mawasiliano, mawaziri mnaozisimamia, wakuu wa mamlaka za udhibiti, na nanyi wakurugenzi wa kampuni za intaneti ambao amri za kufungia tovuti hutua mezani kwenu, nawasalimu kwa heshima.

Nawaandikia nikiwa fundi wa mitandao. Miaka mingi nimekesha kwenye chumba cha usimamizi, mbele ya skrini zinazoonyesha nani ana njia na nani hana. Ninapowaomba msizipige marufuku Tor (mtandao unaoficha nani anazungumza na nani), VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva za kampuni nyingine) na mitandao mingine iliyoundwa ili isizibike, naomba kama mtu aliyewahi kuziba kwa mikono yake.

Usiku mmoja sijausahau. Amri ilifika jioni, ukurasa mmoja wenye mhuri na saini, na chini yake orodha ya tovuti zilizotakiwa ziwe zimefungwa kabla ya usiku wa manane. Sababu ilielezwa kwa mstari mmoja: kwa maslahi ya umma. Tovuti mojawapo ilikuwa kwenye seva iliyobeba tovuti nyingine nyingi, zote zikitumia anwani moja ya IP, jambo ambalo siku hizi ni la kawaida kabisa. Anwani ya namna hiyo ni kama mlango mkuu wa jumba la wapangaji: ukiupiga kufuli kwa ajili ya mpangaji mmoja, wote wamelala nje. Nilimweleza hivyo msimamizi wangu wa zamu. Aliniangalia, akaangalia saa ukutani, akasema amri ni amri. Nikaandika kizuizi kwenye ruta, mashine inayoelekeza data njia ya kupita, nikakihakiki mara mbili, nikabonyeza.

Asubuhi simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akitafuta majibu ya vipimo vya damu vya mwanawe. Maabara iliyompima mtoto huweka majibu kwenye tovuti yake, na tovuti hiyo ilikuwa ndani ya lile jumba. Mama alidhani simu yake imeharibika. Usiku kucha alikuwa akiizima na kuiwasha, akaazima ya jirani, nayo ikakataa vilevile. Mimi nilijua kilichotokea, lakini tulikuwa tumeambiwa tusilitaje lile agizo kwa mteja yeyote. "Endelea kujaribu, mama," nilimwambia. Akanishukuru. Shukrani ile ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo.

Waliokuwa wakitafutwa na amri, kwa taarifa yenu, walishahamia anwani nyingine kabla hakujapambazuka.

Msidhani huo ulikuwa uzembe wa kampuni moja usiku mmoja. Februari 24, 2008, Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe ndani ya nchi. Ili kutekeleza, kampuni ya Pakistan Telecom ilitangaza kwenye ruta zake kwamba sehemu ya anwani za YouTube inapatikana kwake, ili data za watumiaji wa nchini zielekezwe pale na kuishia pale. Lakini ruta huaminiana. Moja ikitangaza kwamba inaijua njia ya mahali fulani, jirani yake hulipokea tangazo na kumpasha wa tatu, na tangazo linalotaja eneo dogo zaidi la anwani hupewa uzito kuliko linalotaja eneo kubwa. Tangazo lile likavuja nje kupitia kampuni iliyokuwa ikiiunganisha nchi na dunia, na kwa muda wa saa mbili hivi YouTube ikapotea katika sehemu kubwa ya ulimwengu. Watu wa mabara mengine wakafungiwa kwa amri ya serikali isiyo yao.

Miaka minne baadaye, Machi 2012, Denmark ilikuwa na mfumo wa kuzuia picha za unyanyasaji wa watoto, kazi ambayo hakuna mwenye utu atakayeipinga. Mtumishi mmoja wa polisi akakosea kuweka orodha, na tovuti zipatazo 8,000, zikiwemo Google na Facebook, zikawatokea baadhi ya wateja zikiwa na tangazo kwamba zimefungwa kwa sababu ya picha hizo. Makosa yalirekebishwa haraka. Lakini angalieni: nia ilikuwa njema, nchi ni yenye taasisi imara, na bado kidole kimoja kilitosha.

Kisa cha Urusi ndicho kinachonifundisha zaidi. Aprili 2018 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, Roskomnadzor, ilianza kuifungia Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, baada ya kampuni hiyo kukataa kuipa idara ya usalama funguo za usimbaji, yaani za kufungulia ujumbe uliofumbwa. Telegram ikawa inahamahama kwenye seva za Amazon na Google, na mamlaka ikaifukuza kwa kufungia mamilioni ya anwani za kampuni hizo mbili. Biashara na huduma zisizohusika kabisa zikaanguka. Telegram yenyewe ikaendelea kufanya kazi, na Juni 2020 mamlaka ikaondoa kizuizi. Miaka miwili ya kupiga, na waliopigwa ni waliokuwa wakipita njia.

Nawaeleza haya kwa sababu kwenye vikao vyenu udhibiti huzungumzwa kana kwamba ni kisu cha daktari wa upasuaji. Nimekishika. Ni panga linalorushwa gizani kwenye chumba chenye watu.

Na kuna kuzima kabisa. Usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, serikali ya Misri iliziamuru kampuni za intaneti ziondoe njia zake, na karibu nchi nzima ikatoweka kwenye ramani ya mtandao kwa siku tano. OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, lilikadiria hasara ya moja kwa moja kuwa dola milioni 90 za Marekani. Watu waliokuwa na modemu za zamani wakarudi kupiga simu za kimataifa ili kupata intaneti. FDN, chama kidogo cha wanaharakati kinachotoa huduma ya intaneti nchini Ufaransa, kilifungua laini zake kwa ajili yao. Kama lengo la kuzima lilikuwa kuwatawanya watu, historia ya wiki zile mnaijua: Februari 11 rais akaondoka madarakani.

Sasa nije kwenye mitandao yenyewe.

Mnapoletewa jina la Tor, wengi wenu huambiwa ni kichaka cha wahalifu. Chimbuko lake ni jeshi. Katikati ya miaka ya 1990, kwenye Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag walikuwa wakitafuta njia ya kutumia intaneti ya kawaida bila anayeichungulia kujua nani anazungumza na nani. Wakabuni mfumo wa kufunga ujumbe kwa matabaka ya usimbaji, mfano wa maganda ya kitunguu. Ujumbe wako hupitia vituo vitatu, na kila kituo kinabandua ganda moja tu. Cha kwanza kinakujua wewe ila hakijui unakokwenda. Cha tatu kinajua unakokwenda ila hakikujui. Cha katikati hakijui hiki wala kile. Mtandao wa Tor uliwashwa mwaka 2002 kwa kazi ya Syverson pamoja na vijana wawili, Roger Dingledine na Nick Mathewson, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la kibiashara la kuulea. Vituo vyake ni maelfu, vinaendeshwa na watu wa kujitolea, vyuo na mashirika, na wanaoutumia kila siku ni mamilioni.

Kwa nini jeshi lilikubali chombo chake kigawiwe bure kwa kila mtu? Swali hili naomba mlitafakari, kwa kuwa jibu lake ndilo kiini cha barua yangu. Chukulieni ofisa wa upelelezi aliye ugenini, anataka kusoma barua pepe za ofisini kwake. Kama mtandao ule ungekuwa wa wanamaji peke yao, anayeonekana akiuingia angejulikana papo hapo kwamba ni mwanamaji. Siri ya mtu mmoja inahitaji umati wa kujichanganya nao. Kwa hiyo wakauacha mlango wazi: aingie mwandishi wa habari, aingie mgonjwa anayesoma kuhusu ugonjwa asiotaka mwajiri aujue, aingie mke anayetafuta pa kukimbilia huku mume akikagua simu yake kila jioni, aingie na askari anayechunguza tovuti ya matapeli asitake waone anwani ya kituo chake. Mmoja akifukuzwa, waliobaki wote wanapungukiwa na kificho, akiwemo askari.

Hata wakubwa wa kazi za siri wanalijua hilo. Mei 2019 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilifungua tovuti yake ndani ya Tor. Oktoba mwaka huohuo BBC nayo ikafungua ya kwake, ili wasikilizaji na wasomaji waliofungiwa wapate habari. Sheria inayomtia hatiani raia kwa kuwa na programu ile kwenye simu inamtia hatiani kwa kutumia mlango ambao serikali nyingine zinautumia kupokea taarifa.

Niseme neno kuhusu VPN, maana hapa nina wasiwasi wa kweli na naomba mnielewe vizuri. VPN si zote za kuaminika. Ukitumia VPN umemhamishia mwenye kampuni ile imani uliyokuwa nayo kwa mtoa huduma wako: yeye ndiye sasa anayeona kila unakokwenda, na baadhi ya zile za bure hujilipa kwa kuuza hicho wanachokiona. Siku mkizipiga marufuku, zinazofuata sheria na zenye sifa ndizo zinazoondoka. Watu hawaachi kutafuta njia. Wanapakua chochote wanachotumiwa kwenye makundi ya simu, kisichojulikana kimetengenezwa na nani. Nimeona hilo likitokea kila baada ya tovuti kubwa kufungwa: wiki moja, na simu za wazee wa watu zimejaa programu za wizi. Mlikusudia kuwalinda, mkawasukumia mdomoni mwa fisi.

Nyumbani kwangu nimewasha Snowflake. Ni programu ndogo inayokaa kwenye kivinjari, na kazi yake ni kumshika mkono mtu aliyefungiwa na kumfikisha kwenye Tor. Kwa anayetazama kutoka nje, mazungumzo kati ya kompyuta yake na yangu yanafanana na simu ya video ya kawaida, kwa hiyo anayetaka kuyazuia itambidi azuie na simu za video za watu wote. Pembeni mwa skrini kuna alama ndogo inayoonyesha kama kuna mtu anapitia kwangu, na ukiibofya unaona namba: ni wangapi umewasaidia ndani ya saa 24 zilizopita. Jana jioni nilikuta 11. Siwajui watu wale. Mfumo umeundwa nisiwajue, nisijue wanasoma nini, na wao wasinijue. Mke wangu aliniuliza napata nini. Nilimwonyesha ile namba.

Na sheria nyingi zinazotungwa sasa zinanigeuza mimi kuwa mhalifu kwa namba ile.

Kuna mitandao ya aina nyingine, inayolinda maandishi yenyewe zaidi ya msomaji. Aprili 29, 2017, Uturuki iliifungia Wikipedia, lugha zote. Ndani ya siku chache wahandisi wa IPFS, mtandao wa kuhifadhi na kugawana mafaili, wakaweka nakala ya Wikipedia ya Kituruki kwenye mtandao wao. Kwa kawaida unapotafuta ukurasa unataja mahali ulipo, yaani seva fulani, na seva ikifungwa ukurasa umekwenda. IPFS inautafuta ukurasa kwa alama ya kipekee inayotokana na maandishi yake. Yeyote aliye nao, popote alipo, anaweza kukupa, na herufi moja ikibadilishwa alama haikubali, kwa hiyo hawezi kukupa wa bandia. Kizuizi cha Wikipedia kiliondolewa Januari 15, 2020, baada ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyohiyo kuamua kwamba kilikiuka uhuru wa kujieleza. Karibu miaka mitatu. Mwanafunzi aliyeanza sekondari mwaka ule alikuwa ameshavuka nusu ya masomo yake. Alichofungiwa ni kamusi elezo, na mahakama ikaja kusema haikustahili kufungwa.

Najua mtauliza kuhusu habari za uongo, hasa wakati wa maradhi. Ndipo hasa ninapotaka tukae kidogo.

Desemba 30, 2019, daktari wa macho mjini Wuhan, Li Wenliang, aliwaandikia wenzake aliosoma nao, kwenye kundi lao la WeChat, kwamba hospitalini wamepokea wagonjwa wa homa ya mapafu inayofanana na SARS, ugonjwa hatari wa kuambukiza wa njia ya hewa, wajihadhari. Januari 3 aliitwa polisi, akalazimishwa kutia saini kwenye karatasi ya onyo kwamba amesema yasiyo kweli na kuvuruga utulivu. Akarudi kazini, akaambukizwa, akafa Februari 7, 2020. Mwezi uliofuata serikali yenyewe ikabatilisha lile onyo na polisi wakaiomba radhi familia. Waswahili walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mwaka ule dunia nzima iliumbuka.

Machi 2020 jarida moja la China lilichapisha mahojiano na daktari mwingine wa Wuhan, Ai Fen, aliyekuwa ameisambaza ile ripoti ya kwanza ya maabara. Makala yakafutwa siku ileile. Wasomaji wakaanza kuyarudisha: wakayaandika kinyumenyume, wakayaandika kwa vikaragosi, wakayaandika kwa nukta na vistari vya simu ya upepo. Fikirini mtu mzima, usiku, amekaa akibadilisha maneno ya daktari kuwa nukta na vistari ili jirani yake ajue namna ugonjwa ulivyoanza. Huyo si mchochezi. Anafanya kazi ambayo mamlaka ilipaswa kuifanya, kwa zana alizonazo.

Nchi ileile, Aprili 2018, barua ya wazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking aliyedai ukweli kuhusu tuhuma za zamani za unyanyasaji wa kingono chuoni hapo ilikuwa ikifutwa kila ilipobandikwa. Mtu asiyejulikana akaichukua, akaiweka ndani ya muamala wa Ethereum, daftari linalotunzwa kwa wakati mmoja na kompyuta nyingi duniani, lisilofutika. Julai mwaka huo wakafanya hivyo tena kwa makala yaliyofichua chanjo mbovu za watoto. Nami ninayeandika barua ya wazi, nakiri, nimelitazama sana lile tukio la kwanza. Barua ikishafika mahali ambapo mwandikiwa hawezi kuifuta, analazimika aidha kuijibu au kukaa nayo.

Uongo upo, siukatai, na unaua. Lakini dawa yake inahitaji watu wafike kwenye chanzo cha kweli, na mtandao ukizimwa wa kwanza kukosekana ni chanzo. Uvumi wenyewe hautegemei intaneti. Hupita kwa mdomo, na gizani hukua bila mtu wa kuupima.

Wahalifu je? Wapo ndani ya Tor, kama walivyo barabarani, benki na kwenye simu za kawaida. Soko la dawa za kulevya la Silk Road lilikaa huko tangu 2011. Oktoba 2013 mwendeshaji wake, Ross Ulbricht, alikamatwa ndani ya maktaba ya umma mjini San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi mbele yake. Mmoja wa waliomtambua alikuwa mchunguzi wa kodi aliyetafuta kwenye Google ni nani aliyekuwa wa kwanza kulitaja soko lile, akakuta maandishi ya zamani yaliyomfikisha kwenye anwani ya barua pepe yenye jina la mtu. Mwaka 2017 soko kubwa zaidi, AlphaBay, nalo lilianguka, na miongoni mwa nyuzi zilizowaongoza wapelelezi ilikuwa barua pepe binafsi ya mwendeshaji iliyojitokeza kwenye ujumbe wa kuwakaribisha wateja wa mwanzo. Hizi ni kazi za upelelezi: subira, kumbukumbu, na mtu anayejua kuuliza. Wapeni polisi wenu watu wa namna hiyo, mafunzo na bajeti, na mtashika wengi kuliko mtakaowashika kwa kuvunja daraja ambalo mashahidi wenu pia wanalivuka. Maana mashahidi wanalivuka. Mfumo wa SecureDrop, unaotumiwa na vyumba vingi vya habari kupokea nyaraka kutoka kwa watu wenye hofu, umejengwa juu ya Tor. Mtumishi wa umma aliyeona fedha za dawa zikiibiwa anapita mlemle.

Siwafichi udhaifu wa mitandao hii. Tor ni ya polepole. Mwenye kituo cha mwisho anaweza kuchungulia ujumbe uliotoka bila usimbaji, na asiyejua kuutumia anaweza kujidanganya kwamba hana tena cha kuogopa. Na nyaya zikikatwa zote, Tor haina pa kupita. Hapo ndipo panapofaa zana kama Briar, inayopitisha ujumbe toka simu hadi simu kwa Bluetooth au Wi-Fi, bila mnara wala kampuni.

Zana za namna hiyo zina faida ambayo sijui kwa nini haisemwi bungeni. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipoipiga New York, mtaa wa Red Hook ulikuwa umeanza kujenga mtandao wa wananchi, antena juu ya paa zikipokezana data zenyewe kwa zenyewe. Umeme na mawasiliano ya kawaida vilipokatika, ule mtandao mdogo ukabaki ukiwafaa watu, na shirika la serikali la kukabiliana na maafa, FEMA, likauunganisha na setilaiti yake. Kwa mtandao, amri ya kuzima na kimbunga ni kitu kimoja: njia imekatika, tafuta nyingine. Paul Baran wa taasisi ya RAND aliliona hilo mapema miaka ya 1960, akiwaza namna mawasiliano yatakavyobaki hai baada ya shambulio la nyuklia, na jibu lake lilikuwa mtandao usio na kitovu. Mnapojenga nchi yenye swichi moja ya kuzimia, mmemjengea na adui, na tetemeko, na mhudumu mmoja aliyechoka usiku.

Kisheria pia mmesimama pembamba. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 19, unaruhusu mipaka kwenye uhuru wa habari pale tu ilipowekwa na sheria na ilipo ya lazima. Julai 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lililaani hatua za makusudi za kuwazuia watu wasipate habari mtandaoni. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeagiza intaneti izimwe hakuwa na mamlaka hayo. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India ilisema kuzima bila kikomo hakukubaliki, na kwamba amri sharti zichapishwe. Juni mwaka huo Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikaihukumu Togo kwa kuzima mtandao wakati wa maandamano ya 2017. Na nyinyi hamtakaa kwenye viti hivyo milele. Mwosha huoshwa. Kuna kiongozi ambaye leo anatia saini, na kesho atakuwa upande wa pili wa amri, akimuuliza mpwa wake namna ya kuweka VPN kwenye simu.

Ninachoomba ni hiki. Msimfanye mhalifu mtu kwa kuwa na zana ya kuvuka kizuizi, wala kwa kuendesha kituo ambacho watu wasiowajua wanapitia. Mhukumuni kwa alilotenda. Msiziamuru kampuni zichimbue data za wateja ili kuwabaini wanaotumia Tor. Huduma zenu za umma, hasa za afya na za kuripoti rushwa, ziwekeeni na mlango wa ndani ya Tor. Fundi mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja. Na palipo na jambo zito kiasi cha kufunga tovuti, lipitie kwa hakimu, liandikwe hadharani, litaje kinachofungwa kwa usahihi, na liwe na tarehe ya kumalizika.

Ombi la mwisho ni dogo, ila kwangu ndilo zito. Kuna namba ya kiufundi, 451, iliyokubaliwa na wahandisi wa IETF, jopo linaloweka kanuni za kiufundi za intaneti, mwishoni mwa 2015, ambayo seva humrudishia msomaji pale ukurasa ulipozuiwa kwa sababu za kisheria. Imeundwa ili pamoja nayo msomaji aambiwe nani ameagiza na kwa sheria ipi. Ifanyeni kuwa ya lazima kwa kila kizuizi. Na iandikeni kwenye sheria kwamba fundi anayeipokea simu asubuhi anaruhusiwa kumwambia anayepiga: tovuti hii imefungwa, amri ni namba kadhaa, ametoa fulani, na rufaa inakatwa mahali fulani, simu yako, mama, ni nzima.

Nasubiri majibu yenu.

Fundi wa mitandao